Atatürk na Reza Shah: Anzia Kwenye Hati za Mashamba

Juni 1934 Reza Shah wa Iran alifunga safari hadi Uturuki kumwona Rais Mustafa Kemal, yaani Atatürk. Mjini Ankara aliandaliwa hata opera, Özsoy, iliyotungwa na Ahmed Adnan Saygun kwa ajili ya ujio huo. Mwenyeji na mgeni walielewana: wote wawili walikuwa maofisa wa jeshi waliotwaa dola zilizokuwa zikisambaratika.

Wanaowalinganisha hukimbilia mavazi. Uturuki ilipiga marufuku tarbushi mwaka 1925. Iran iliwavua wanawake hijabu kwa amri mwaka 1936, polisi wakiwavamia hata barabarani. Ni habari za kusisimua, ila hazielezi kwa nini jamhuri ya mmoja ipo hadi leo na ufalme wa mwingine ulianguka. Mimi huanzia kwenye hati za mashamba.

Reza alikalia kiti cha enzi mwaka 1925 akiwa hana utajiri wa kutajwa. Miaka 16 baadaye hakuna Mwairani aliyemzidi kwa ardhi. Huko Mazandaran, kaskazini mwa Iran, vijiji kwa vijiji viliandikwa jina lake, vingine kwa bei ya kutupa, vingine kwa kunyang'anya tu. Teymourtash, waziri aliyekuwa mkono wake wa kulia, alifia gerezani mwaka 1933. Nani basi angethubutu kumshauri?

Kemal naye hakuwa malaika; waulize Wakurdi wa Dersim, walikouawa maelfu mwaka 1937 na 1938. Lakini mashamba yake aliyakabidhi Hazina, na chama chake kilikuwa na watu wa kushika usukani. Alifariki Novemba 10, 1938. Kesho yake bunge likamchagua İnönü, mwenzake wa chama, kuwa rais. Huyo akaruhusu vyama vingi, akashindwa uchaguzi wa 1950, akaondoka.

Reza aliacha reli ya karibu kilomita 1,400, kutoka Bahari ya Kaspi hadi Ghuba ya Uajemi, iliyogharimiwa kwa kodi ya sukari na chai. Kazi kubwa, lazima tukiri. Agosti 1941 Waingereza na Wasovieti walipovamia, jeshi lake likasambaratika kwa siku chache, na reli hiyohiyo ikawabebea wavamizi shehena zao. Reza alijiuzulu, akamwandikia mwanawe mali zote, akapelekwa Mauritius, kisha Johannesburg alikofia mwaka 1944. Nyuma yake wenye mashamba wa zamani walikuwa wameshaanza kumiminika kudai chao.