Bei ya mulango na siku ya kazi: muchezo wa wachimbaji wa Yorkshire

Jumapili ya mwisho wa mwezi uliopita nilisimama na mutoto wangu inje ya ukuta wa kiwanja. Ndani makelele, inje sisi. Hatukuwa peke yetu. Kulikuwa ba papa waliotoka posti ya usiku, vijana, mama mumoja wa kuuza karanga, wote tunafuata mechi kwa masikio. Mushahara ulikuwa haujaingia. Mutoto akaniuliza ni nani anapangaga bei ya tiketi, na kama huyo mutu anajuaga sisi tunalipwa tarehe gani. Nikamujibu: wee, mupira ni mupira, hapana mambo ya sendika. Nilipofika nyumba nikaona nilimujibu vibaya.

Juu kuna muchezo mumoja ambao ulizaliwa kabisa mu ile ulizo ya mutoto. Ni rugby ya watu 13, ile Wafaransa wanaita rugby à XIII. Hapana ile ya watu 15 munaonaga mara nyingi kwenye televizyo. Miye niliisikia mara ya kwanza mu semina moja ya sendika. Wazee wawili waliofanya kazi mu mashimo ya makaa ya mawe ya Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, walibishana juu yake saa nzima, mpaka chai yao ikapoa. Tangu ile siku ninafuata.

Tuanze mwaka 1893. Ule mwaka wenye mashimo ya makaa walitaka kukata mushahara. Wachimbaji wakakataa, mashimo yakafungwa, njaa ikaingia mu manyumba. Tarehe 7 mwezi wa 9, kwenye shimo la Ackton Hall, mu muji mudogo wa Featherstone, askari walipiga watu risasi. Wawili wakakufa, James Gibbs na James Duggan. Wote wawili walikuwa vijana.

Tarehe 20 ya mwezi uleule, mu hoteli moja ya London, wakubwa wa rugby walikutana. Wakati ule rugby ilikuwa moja tu. Watu wa Yorkshire walileta ombi: muchezaji mwenye kupoteza saa za kazi juu ya mechi, alipwe zile saa. Hapana mushahara wa kucheza, hapana. Zile saa tu alizopoteza. Kura zikapigwa: 136 walikubali, 282 walikataa.

Wandugu, tuelewane vizuri hapa. Mechi zilikuwa Jumamosi. Mutu wa biro, ao mwenye mashamba ya baba yake, anavaa tu na kwenda. Lakini muchimbaji mwenye kupaswa kupanda gari-moshi mpaka muji mwingine, lazima aache posti yake ya asubui, na posti iliyoachwa hailipwi. Tena akivunjika mukono uwanjani, juma ngapi atakaa bila kushuka shimo? Na kwenye mulango wa kiwanja, siku ileile, watu maelfu wanapanga mustari na kulipa. Makuta ilikuwa inaingia vizuri sana. Mwenye kupigwa mabega ndani ndiye hakuona hata moja. Mabwana wa kusini walikuwa na jibu lao: mutu asiyeweza kucheza bila kulipwa, asicheze. Sisi wa sendika tunajua ile namna ya jibu. Inavaaga nguo mupya tu.

Miaka miwili nyuma, tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 1895, vilabu vya Yorkshire na Lancashire vilikutana mu hoteli George, muji wa Huddersfield, vikatoka. Vikafanya umoja wao. Vikakubali kulipa saa za kazi zilizopotea, shilingi 6 kwa siku, hapana zaidi. Mwaka 1898 vikaruhusu mushahara wa kweli, lakini na sharti: muchezaji lazima awe na kazi nyingine ya kweli, na kazi ya kutumika mu nyumba ya pombe haikuhesabiwa. Hata kati ya waliotoka, unaona, woga wa bosi ulibaki kidogo.

Kuanzia pale mulango ndio ulikuwa baba na mama. Kama watu hawaje, muchezaji halipwi. Ndiyo sababu walibadilisha hata sheria za muchezo: wakatosha vitu vya kusimamisha mupira kila dakika, na mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 mpaka 13, ili mupira utembee na mwenye kulipa aone kitu. Watu wengi wanafikiri kwamba 13 ni hesabu ya mutu mumoja mwenye akili. Kumbe ni hesabu ya mulango.

(Ufaransa nako ile rugby ilikuja mu miaka ya 1930 na ikapendwa sana. Mwaka 1941 serikali ya Vichy ikaikataza na kuchukua mali yake yote. Ni hadithi ingine, siku moja tutaileta hapa.)

Sasa mumuangalie muchimbaji wa Yorkshire kama mulipaji. Tangu 1929 mechi ya mwisho ya kombe yao kubwa ilipelekwa Wembley, kule London, mbali na kwao. Gari-moshi, chakula, tiketi: mutu wa shimo hana ile makuta kwa siku moja. Basi mu vilabu vya pombe na mu kazi walifanya mifuko ya kuchanga, kidogo kila juma, mwaka muzima, sawa vile likelemba ya ba mama wetu. Mwezi wa 5 ukifika, jirani wote wanapanda pamoja. Ile safari ilikuwa konje yao. Wengine hawakuona London kwa sababu ingine mu maisha yao yote.

Mwaka 1954 Halifax na Warrington walicheza Wembley mbele ya watu zaidi ya 81,000, ikaisha 4 kwa 4. Lazima kurudilia. Wakaiweka kaskazini, kwenye kiwanja cha Odsal, muji wa Bradford, siku ya Jumatano mangaribi, watu wakitoka kazi. Hapo ndipo kuliona maajabu. Waliohesabiwa kwa mulango walikuwa zaidi ya 102,000, na kuna wengi walioingia bila kuhesabiwa, juu ukuta wa watu ulikuwa umekwisha kushinda ukuta wa kiwanja. Mulango uliingiza pauni 18,623. Ukigawanya, haifike shilingi 4 kwa mutu mumoja. Warrington walishinda 8 kwa 4, lakini wazee wakikumbuka ile siku hawaanze na wenye kushinda. Wanaanza na barabara ginsi zilifungwa.

Ninaomba muangalie vitu viwili mu ile Jumatano. Mechi iliwekwa karibu na watu, na iliwekwa nyuma ya saa ya kazi. Bei peke yake haijazi kiwanja. Tiketi ya franga kidogo siku ya posti yako ni tiketi ya bei kali sana, juu unalipa na mushahara wa siku juu yake.

Featherstone tena. Ni muji wa watu kama 15,000, wa makaa tu. Tarehe 21 mwezi wa 3 mwaka 1959 St Helens walikuja kucheza kule, na mu kiwanja kidogo cha Post Office Road waliingia watu 17,531. Hesabu muji wote, weka na watoto wa kubebwa mumugongo, bado haitoshe. Watu wa kule wanasemaga kwa kuchekesha kwamba ekipe ikikosa muchezaji, mukubwa anakwenda kwenye mudomo wa shimo na kuita chini, mara moja mumoja anapanda. Hawakuwa mbali na ukweli. Ile ekipe ya wachimbaji ilibeba kombe Wembley mwaka 1967, tena 1973, tena 1983, pale walipopiga Hull 14 kwa 12 na hakuna gazeti lililowapa nafasi.

Kuna ingine ya kuchekesha juu ya tiketi. Mu miaka ya 1960 vilabu vilianza kutaka kucheza Jumapili, juu Jumamosi watu walikuwa na kazi, maduka, na televizyo. Lakini Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1780 yenye kukataza kulipisha watu mulango siku ya Jumapili juu ya michezo. Wakafanya nini? Mulango ni bure, bwana, ingia. Ila lazima ununue karatasi yenye majina ya wachezaji, na bei ya karatasi ni ile bei ya tiketi. Mukaguzi akija, hakuna mutu aliyelipa kuingia. Wanasheria wetu wa Lubumbashi wangependa ile.

Nyuma yake ikaja siku ya giza. Mwezi wa 3 mwaka 1984 wachimbaji wa Uingereza waliingia mu mugomo mukubwa juu ya kufunga mashimo. Mwaka muzima bila mushahara. Walirudi kazi mwezi wa 3 mwaka 1985 mikono mitupu, na Ackton Hall, shimo lilelile la Gibbs na Duggan, likafungwa mwaka uleule. Moja kwa moja mengine yakafuata. Shimo la mwisho la chini kabisa, Kellingley, karibu na Castleford, lilifungwa mwezi wa 12 mwaka 2015. Sasa wee uwe mutu wa kupanga bei ya mulango mu muji wa namna ile. Ukiipandisha, hawaje. Ukiishusha, hulipe wachezaji. Vilabu vilibaki katikati pale miaka kumi.

Ndipo makuta ya televizyo ikafika. Mwaka 1995 kampuni ya Rupert Murdoch ilileta pauni milioni 87 kwa miaka mitano, ili kuwe ligi mupya, Super League, na muchezo uhame kutoka baridi kwenda kiangazi. Vilabu vilikubali haraka, madeni yaliwashika koo. Lakini mu ile karatasi kulikuwa na maneno ya kuunganisha vilabu. Castleford, Wakefield na Featherstone, miji mitatu ya makaa yenye kupigana mu uwanja tangu mababu, ifanye ekipe moja, jina Calder.

Watu walisimama. Walikuja viwanjani na vitambaa vya kuandikwa, walikataa mu mikutano, wazee walilia mbele ya wote. Ile mupango ya kuunganisha ikaanguka. Sendika yao ya shimo ilikuwa imekwisha kuvunjwa miaka kumi mbele, lakini mazoea ya kusema hapana yalikuwa yamebaki mu mwili. Bei yake walilipa: Super League ilipoanza mwaka 1996, na mechi ya kwanza ikachezwa Paris, Featherstone walikuwa inje. Castleford walikuwa ndani. Kilomita chache kati ya miji miwili, na tangu pale maisha mbalimbali.

Sitasema makuta ya televizyo ilikuwa mbaya yote. Wachezaji walianza kulipwa kwa kazi ya siku muzima, viwanja vikatengenezwa, mutu hashuke tena shimo asubui na kuvunjwa mbavu mangaribi. Mwenye kupigania mushahara hawezi kulilia ile. Lakini angalia mulango. Leo mutu mukubwa anaingia Super League kwa pauni 25, 30 hivi, na saa ya mechi inapangwa na mwenye kamera. Mechi za Alhamisi usiku zilikuwa mingi. Mutu wa Hull mwenye ekipe yake inacheza Wigan siku ya Alhamisi, anavuka Uingereza kutoka bahari mpaka karibu na bahari ingine, anarudi usiku katikati, na Ijumaa asubui kazi inamungoja. Mu mwezi wa 3 mwaka 2025 Wigan na Warrington walipelekwa kucheza Las Vegas, Marekani. Maelfu walipanda ndege kuwafuata. Wengine walibaki mbele ya televizyo, na hao ndio sawa vile miye na mutoto wangu inje ya ukuta, tofauti ni wao wanaona picha.

Mulango ulipokuwa unalipa yote, mwenye kulipa mulango aliogopewa. Waliweka mechi Jumatano mangaribi juu yake. Sasa anahesabiwa tu ili kiwanja kisionekane kitupu mu picha.

Basi nilirudi kwa mutoto nikamwambia: ulizo yako ni ya sendika. Mu mukutano wa delegasyo wa mwezi huu tuliandika barua kwa wakubwa wa kiwanja. Tunaomba vitu viwili. Kwanza, mufanyakazi aweze kuchukua tiketi ya Jumapili ya mwisho wa mwezi kwa bon yenye kuonyesha namba yake ya kazi, na kulipa mushahara ukiingia. Pili, mechi ya juma isianze saa 9, wakati posti ya asubui ingali mu basi. Mumoja wetu alitaka kuongeza ya tatu, ba mama waingie nusu bei. Tulibishana, tukaiacha kwa mukutano mwingine, na ba mama waliokuwa pale hawakufurahi hata kidogo.

Barua ilipokelewa, kashe ilipigwa. Jibu bado. Mutoto anauliza kila jioni.