Je, Wajua? Maziwa Yaliyo Mgongoni mwa Mlima Kenya

Je, wajua kwamba mlima unaouona alfajiri ukiwa Majengo, Nyeri, kabla mawingu hayajaufunika, ni volkeno iliyozimika, na kwamba mgongoni umebeba maziwa zaidi ya kumi? Wengi wetu tumekulia chini yake, tumekunywa maji yake tangu utotoni, na bado hatujawahi kuyaona maziwa hayo. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuyatazama.

Volkeno hii ilitapika moto kati ya miaka milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita. Wataalamu wanakadiria kwamba wakati huo kimo chake kilizidi mita 6,000. Leo kilele kirefu kabisa, Batian, kina mita 5,199. Mdomo wa volkeno wenyewe ndio uliopotea. Barafu na mvua viliumega kidogo kidogo hadi ukabaki mwamba mgumu ulioganda kooni, na mwamba huo ndio Batian na jirani yake Nelion. Kwa hiyo anayepanda akidhani atakuta ziwa ndani ya shimo kileleni, hatalikuta. Maziwa ya juu ni kazi ya barafu: ilipokuwa ikiteremka mabondeni ilichimba mashimo, ikasukuma mawe yakawa kingo, kisha maji yakatuama.

Basi je, wajua lilipo ziwa la shimo la volkeno hasa? Panda matatu ya Nanyuki, upite Kiganjo na Naro Moru, kisha uunganishe ya Meru. Katika barabara hiyo ya Nanyuki na Meru gari hupita juu ya njia ya chini ya ndovu, iliyofunguliwa mwaka 2011 ili ndovu washuke na kupanda mlima bila kugongwa na magari. Ukifika upande wa Meru, ulizia Ziwa Nkunga. Liko takriban mita 1,780 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nyeri mjini, kwa hiyo hata bibi na watoto hawatapata shida ya kupumua. Kwa familia isiyo na vifaa vya mlimani, naona hapa ndipo pa kuanzia.

Juu zaidi msituni, kwenye mita 2,350, kuna ziwa jingine la namna hiyo, linaloandikwa Sacred Lake kwenye ramani. Miaka ya 1960 mtafiti kutoka Afrika Kusini, J. A. Coetzee, alichunguza tope lililotolewa chini ya ziwa hilo. Ndani yake mlikuwa na chavua ya mimea, tabaka juu ya tabaka, iliyohifadhika kwa makumi ya maelfu ya miaka. Chavua hiyo ilionyesha kwamba wakati wa enzi ya barafu, mpaka wa msitu ulikuwa chini ya ulipo leo kwa kiasi cha mita 1,000 hivi. Penye miti mikubwa sasa palikuwa na mimea ya baridi kali. Yote hayo yalisomwa kwenye tope.

Je, wajua kwamba trauti si samaki wa asili wa huku? Mayai ya kwanza yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kupandikizwa katika mto Gura, hapa hapa Nyeri. Baadaye trauti walipelekwa hadi kwenye maziwa ya mlimani. Mojawapo ni Rutundu, ambako Mwanamfalme William wa Uingereza na Catherine Middleton walilala kwenye nyumba za magogo katika safari ya Oktoba 2010, safari waliyochumbiana.

Lakini ziwa ninalolisifu kuliko yote ni Michaelson, upande wa Chogoria. Liko karibu mita 4,000, chini ya jabali linaloitwa The Temple, ukuta wa mawe wa kama mita 300 ulioinuka wima. Njiani utaona lobelia zilizojikunja mfano wa bakuli na kuweka maji katikati. Inama uchunguze moja asubuhi: juu kuna utando wa barafu, na chini yake maji hayajaganda. Utando huo ndio unaokinga chipukizi lisiuawe na baridi ya usiku. Na hapo uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta!

Je, wajua kwamba kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na nyuzi 86 hivi tu? Maharagwe makavu utayachemsha mpaka gesi iishe na hayataiva. Githeri ichemshe nyumbani, beba chapati, na jioni pika uji. Hewa nayo ni pungufu: kwa kila pumzi unapata oksijeni kama asilimia 60 ya ile ya Mombasa. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikizidi, shuka, usisubiri kukuche. Usiende peke yako. Mchukue mwongozaji anayeijua njia, upande polepole, na ulale angalau usiku mmoja kwenye mita 3,000 hivi kabla ya kuendelea. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba.

Januari 1943 Waitaliano watatu walitoroka kambi ya mateka wa vita Nanyuki, akiwemo Felice Benuzzi, ili tu waupande mlima huu. Ramani yao ilikuwa picha ya mlima iliyochapishwa kwenye kopo la chakula, na mashoka yao ya barafu waliyatengeneza kutokana na nyundo. Wawili wao walifika kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Wewe una barabara ya lami na matatu kila saa.

Usichelewe sana. Barafu ya Lewis iliyoko mlimani humo ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na iliyobaki inaendelea kuyeyuka. Walimu wa Majengo, wapelekeni watoto Nkunga likizo ijayo. Na kila mfuko na chupa mtakayopanda nayo, shukeni nayo, maana maji hayo ndiyo tunayokunywa huku chini.