Kicheko Kilichofungiwa Mkebeni

Nani kati yetu hamjui Charlot, bwana yule wa kofia ya mviringo na fimbo, achekeshaye pasipo kutamka neno? Lakini wenzake walikuwa wengi, na walio wengi wamesahauliwa. Hao ndio wanaotafutwa sana na wakusanyaji wa filamu za kale.

Tumtaje mmoja, Mmarekani Charley Bowers. Katika filamu yake Egged On, ya mwaka 1926, mayai yaliyowekwa ndani ya motokaa yanaanguliwa, na badala ya vifaranga vinatoka vijigari! Huko Ufaransa aliitwa Bricolo. Baadaye akasahauliwa kabisa, hata katika miaka ya 1960 Raymond Borde wa Toulouse alipopata mikebe yenye jina hilo tu, ilimpasa kwanza kupeleleza Bricolo ni nani. Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii: mkebe wa kutu, jina lisilojulikana, na ndani yake kicheko kizima. Bahati hiyo ni adimu. Katika filamu ndefu zisizo na sauti zipatazo 11,000 zilizotengenezwa Marekani, ni 14 tu kwa mia zilizobaki kamili katika hali yake ya asili.

Nasi Kongo tulikuwa na wachekeshaji wetu. Mwaka 1945 serikali ya Wabelgiji iliwazuia Wakongo kuingia sinema, isipokuwa kwa filamu zilizokaguliwa. Wamisionari wakatengeneza zao. Huko Luluabourg, leo Kananga, Padri Albert Van Haelst wa Scheut aliongoza Luluafilm, akatoa vichekesho vya Matamata na Pilipili, kwa mfano wa Laurel na Hardy. Kwetu Kivu, Padri Roger de Vloo alikuwa na Africa Films.

Tusifiche neno: filamu hizo zilitungwa na watu waliodhani kwamba Mwafrika hawezi kufahamu sinema ngumu. Lakini mwendo wa Matamata na macho ya Pilipili ni mali yao wenyewe, wala hakuna padri aliyewafundisha.

Basi ninyi wa Muheto, na wa Masisi na Walikale yote, mkikuta katika ghala ya misheni mkebe bapa wa bati unaonuka siki, msiutupe. Harufu hiyo ni ya ukanda wa filamu unaoanza kuoza. Usiukunjue kwa mikono. Uweke mahali pakavu penye baridi, mbali na mikebe mingine, kisha mpashe habari paroko.