Kompyuta Ikilala Isiamke: Ushahidi wa Hitilafu Ndani ya Linux

Kufunika kompyuta mpakato na kuifunua tena ni jambo dogo kwa mtumiaji, lakini kwa mfumo wa Linux ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote. Mfuniko ukishuka, kerneli, yaani kiini cha mfumo, husimamisha programu zote, huamuru vifaa vijizime kimoja baada ya kingine, kisha huiachia RAM umeme kidogo tu wa kuhifadhi kilichomo. Mfuniko ukiinuliwa, kazi yote hiyo hufanywa kinyume. Kifaa kimoja kikigoma katikati, mtumiaji anabaki na skrini nyeusi, feni inazunguka, kibodi haijibu. Anashikilia swichi mpaka mashine izime, anaiwasha upya, anaendelea na shughuli zake. Siku mbili baadaye yanamkuta yale yale.

Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba haiachi alama. Kwa kawaida mfumo huandika matukio yake kwenye diski, ila hapa diski yenyewe bado imelala. Skrini imelala, mtandao umelala, na RAM hupoteza kila kitu umeme ukikatwa. Mwaka 2006 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alilitafutia tatizo hili ufumbuzi ambao mimi hadi leo naustaajabia. Ndani ya kompyuta kuna kifaa kimoja kinachoendelea na kazi hata mashine ikizimwa kabisa: saa ya kwenye ubao mama. Basi ushahidi uandikwe kwenye saa.

Njia hiyo inaitwa pm_trace. Ukiiwasha, kerneli hukokotoa namba inayowakilisha kila kifaa inachotaka kukiamsha, na kuiandika kwenye saa kana kwamba ni tarehe. Mashine ikikwama, saa inabaki na namba ya kifaa cha mwisho kuguswa. Unaizima, unaiwasha ndani ya dakika chache kabla saa haijasogea mno, kisha unasoma ujumbe wa kerneli kwa amri ya dmesg. Humo unatafuta mstari wenye maneno "hash matches" pamoja na anwani kama 0000:01:00.0. Amri ya lspci itakuambia anwani hiyo ni ya nani: kadi ya waifai, kidhibiti cha USB, au kadi ya michoro. Wakati mwingine vifaa viwili hugongana namba, kwa hiyo jibu hilo ni la kumshuku mtu, bado halijamtia hatiani. Tena saa yako itaonyesha tarehe ya ajabu, na utalazimika kuirekebisha.

Nimeanza na saa hiyo kwa sababu inaonyesha kazi ya kuripoti hitilafu ilivyo. Mtaalamu atakayeandika rekebisho huenda yuko Finland au Oregon, na hana kompyuta kama yako mezani. Ushahidi uko mikononi mwa mwenye mashine peke yake. Asipoukusanya yeye, hakuna mwingine atakayeukusanya.

Kwenye kompyuta mpakato hali ni ngumu zaidi kuliko kwenye kompyuta ya mezani. Betri, feni, vitufe vya mwanga, kufunika na kufunua, vyote hutawaliwa kwa kiwango cha ACPI kilichotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Kila mtengenezaji huandika vijiprogramu vyake vya ACPI na kuvihifadhi katika fimweya, yaani programu ya kudumu iliyomo ndani ya mashine, na mfumo endeshi huvitekeleza bila kujua viliandikwa kwa uangalifu kiasi gani. Wengi wamevijaribu kwa Windows tu. Vijiprogramu hivyo vina desturi ya kuuliza viko na mfumo gani, na Linux hujibu kwamba inaafikiana na Windows, toleo baada ya toleo. Vikiuliza kama ni Linux, jibu ni hapana. Sababu yake ni ya kiutendaji: njia ya Windows ndiyo iliyojaribiwa kiwandani.

Usingizi nao una namna mbili. Ukisoma faili la /sys/power/mem_sleep utaona maneno mawili au moja: "deep" ni usingizi mzito wa zamani, "s2idle" ni usingizi mwepesi ambamo prosesa inabaki imetulia tu. Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. Katika kompyuta nyingi za miaka ya karibuni watengenezaji wameuondoa usingizi mzito kwa kufuata matakwa ya Windows mpya, na hapo ndipo watu wanapoona mashine imepata joto ndani ya begi na betri imekwisha kabla ya kufika kazini. Anayeripoti tatizo la usingizi bila kutaja ni usingizi upi, anamrudisha mtaalamu nyuma hatua nzima.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kusoma kabla ya kubadilisha chochote. Amri ya journalctl -b -1 hufungua daftari la matukio la mara ya mwisho mashine ilipowashwa kabla ya sasa, na mistari yake ya mwisho ndiyo yenye uzito. Wengi hukimbilia kunakili amri alizozitumia mtu mwingine mwenye kompyuta tofauti, wanaziweka tano kwa mpigo, na tatizo likitoweka hawajui ni ipi iliyosaidia wala zile nne nyingine zimeharibu nini. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo. Ukiweza, anzisha mashine kwa kerneli ya zamani iliyobaki kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapowashwa. Ikiwa ya zamani inafanya kazi na mpya haifanyi, tayari unajua jambo kubwa kuliko kurasa kumi za maelezo.

Linux ina kanuni ambayo Torvalds huisimamia kwa ukali: toleo jipya la kerneli lisivunje kilichokuwa kikifanya kazi kwa watumiaji. Ripoti inayothibitisha kwamba kitu kilifanya kazi katika toleo fulani na kikaacha katika linalofuata hupewa uzito wa pekee. Na mabadiliko yote ya kerneli yamehifadhiwa moja moja katika Git, chombo ambacho Torvalds mwenyewe alikitengeneza mwaka 2005, kwa hiyo unaweza kulisaka badiliko lenye kosa hadi ulishike.

Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na mara nyingi limebeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Kuyajaribu yote hakuwezekani. Amri ya git bisect hufanya kama mtu anayetafuta neno katika kamusi: inafungua katikati, inakuuliza hapa pazuri au pabaya, kisha inatupa nusu isiyohusika. Kwa kukata nusu namna hiyo, majaribio 14 yanatosha kutafuta kati ya mabadiliko 16,384. Mwishoni unabaki na badiliko moja, lenye jina la aliyeliandika na tarehe.

Hatari iko kwenye hitilafu inayokuja na kuondoka. Tuseme mashine hukwama mara 1 katika kila mara 4 inapolala. Ukiilaza mara 10 na isikwame, bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 6 kwamba hitilafu ipo ila imekukwepa. Ukifika mara 16, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 1. Ukisema "pazuri" kwa haraka mara moja tu, utafutaji wote uliosalia utaelekea upande usio na kitu, na atalaumiwa mtu asiyehusika. Huna haja ya kukaa ukifunika na kufunua siku nzima. Amri ya rtcwake -m mem -s 60 huilaza mashine na kuiamsha yenyewe baada ya sekunde 60, nawe unaweza kuirudia upendavyo.

Kwa msomaji anayenunua bando, nitaje gharama: historia kamili ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, na kuunda kerneli moja kwenye mashine kuukuu huchukua saa nzima au zaidi. Ubuntu hutoa kerneli zilizokwisha kuundwa kwa kila toleo. Kupakua mbili au tatu kati ya hizo na kusema kosa limeanzia toleo gani ni msaada wa kweli, hata kama hukufika kwenye badiliko lenyewe.

Kisa cha mwaka 2008 kinaonyesha dhana za haraka zinavyopotosha. Mwezi Septemba, watu waliokuwa wakijaribu kerneli ya 2.6.27 kabla haijatolewa rasmi walianza kupoteza kadi zao za mtandao za Intel, zile zilizokuwa ndani ya kompyuta mpakato nyingi za ofisini. Kadi ilikataa kuwaka, na ujumbe ulisomeka "The NVM Checksum Is Not Valid": kijikumbukumbu cha kudumu ndani ya kadi kilikuwa kimeandikwa takataka. Kuwasha upya hakukusaidia, maana kilichoharibika kilikuwa kwenye kadi yenyewe. Ubuntu na wengine wakaizima draiva ya kadi hizo, yaani programu inayoziendesha, iitwayo e1000e, katika matoleo yao ya majaribio. Shutuma zikaiangukia draiva. Wengine wakashuku mfumo wa michoro, kwa kuwa baadhi ya kadi ziliharibika pale michoro ilipokwama.

Vyote viwili havikuwa na hatia. Kosa lilikuwa katika ftrace, chombo kipya kilichoandikwa na Steven Rostedt cha kufuatilia kerneli inavyofanya kazi. Chombo hicho kiliorodhesha mahali katika RAM penye msimbo, ili baadaye kipitie na kupabadilisha. Baadhi ya msimbo huo ulikuwa wa kuanzishia tu, na kazi yake ikiisha ulifutwa, na anwani zake zikagawiwa kwa matumizi mengine. Siku mbaya, anwani hizo zilipewa kijikumbukumbu cha kadi ya mtandao. Ftrace ilikuwa na tahadhari: ilitumia agizo la prosesa linalosema "kama hapa pana kile ninachokitarajia, badilisha, kama sivyo, acha." Lakini kwenye prosesa za Intel agizo hilo, hata linapoacha, huandika tena thamani ile ile ya zamani. Katika RAM ya kawaida hakuna madhara. Kwenye kumbukumbu ya kifaa, kuandika ni kutoa amri, na kadi ilitii.

Kerneli ya 2.6.27 ilitoka tarehe 9 Oktoba ikiwa na kinga ya kuzuia kijikumbukumbu hicho kuandikwa, na siku chache baadaye toleo la 2.6.27.1 likakizima kipengele cha ftrace kilichohusika. Hakuna mtaalamu ambaye angekaa chini akafikiri kwamba chombo cha ufuatiliaji kinaweza kuua kadi ya mtandao. Kilichowafikisha huko ni ripoti za watu waliotaja aina ya kadi, toleo la kerneli na walichokuwa wakifanya, na wengine waliokubali kujaribu tena huku wakijua kadi inaweza kufa.

Mwaka 2022 kazi ilikwenda kasi zaidi. Kerneli ya 5.19.12 ilipotoka, baadhi ya wenye kompyuta mpakato zenye michoro ya Intel waliona skrini zikimeta nyeupe. Daftari za matukio zilimfikia Ville Syrjälä wa Intel, naye akaona ndani yake kwamba muda wa kuwasha na kuzima umeme wa kioo ulikuwa umekosewa, kiasi cha kuweza kukiharibu. Akashauri toleo hilo lisitumiwe. Toleo la 5.19.13 likatoka ndani ya siku chache.

Kwetu Afrika Mashariki nadhani ripoti zetu zina thamani ya ziada. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni zilizokwisha tumika nje. Zimebadilishwa betri, zimeongezwa RAM ya kampuni nyingine, fimweya haijasasishwa tangu zilipotoka kiwandani. Mchanganyiko kama huo haumo katika maabara yoyote. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mashine ya namna hii aanze kwa kuikagua: aipime RAM usiku kucha kwa memtest86+, na aisome afya ya diski kwa smartctl. RAM mbovu huzua makosa yanayofanana kabisa na makosa ya programu, na humpotezea mtaalamu wiki nzima.

Ripoti yenyewe haihitaji ufundi wa lugha. Kiingereza chepesi cha sentensi fupi kinatosha. Taja modeli kamili, toleo la fimweya, matokeo ya uname -r, hatua za kuifanya hitilafu itokee, ulichotarajia na kilichotokea, na toleo la mwisho lililofanya kazi. Ambatisha dmesg nzima, kwa kuwa mstari unaouona hauna maana unaweza kuwa ndio wenyewe. Kwenye Ubuntu amri ya ubuntu-bug linux hukusanya mengi ya haya; kwenye Debian ipo reportbug. Kabla ya kutuma, soma unachotuma, maana daftari hizo hubeba anwani za kadi zako na pengine jina lako. Na kama unatumia draiva ya NVIDIA isiyo na msimbo wazi, rudia jaribio bila hiyo ikiwezekana. Kerneli huweka alama kwamba imechanganyika na msimbo wa siri, na wengi wa wataalamu hawatagusa ripoti yenye alama hiyo.

Majibu yanaweza kuchukua siku au wiki, na mara nyingi huja kama ombi: jaribu kiraka hiki (rekebisho la msimbo), uniambie. Mjibu haraka, wakati jambo bado lipo kichwani mwake. Kiraka kikifaulu na kukubaliwa, chini yake huandikwa mistari ya "Reported-by" na "Tested-by" yenye jina la aliyeripoti na aliyejaribu, na mistari hiyo hubaki katika historia ya kerneli pamoja na msimbo wenyewe.