Tusingoje jeneza ndipo madeni yatajwe

Kila aliyewahi kuzika hapa kwetu Pwani amelisikia tangazo lile. Kabla ya maiti kuswaliwa, mmoja wa jamaa husimama, aghalabu ami au mtoto mkubwa wa kiume, akasema kuwa mwenye kumdai marehemu awaendee wenyewe. Mara nyingi huyo anayetangaza hajui marehemu alidaiwa na nani wala kiasi gani. Anasema kwa kuwa ndiyo ada. Matanga hayajaanuliwa, watu washaanza kuja na karatasi.

Lakini lile si tangazo la ada tu. Kwa sharia, mali ya maiti haiendi moja kwa moja kwa warithi. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni yote, kisha wasia kama aliusia, nao usizidi thuluthi moja ya kilichobaki. Baada ya hapo ndipo mke apate thumni, yaani sehemu moja kwa nane, ikiwa marehemu aliacha watoto, au robo ikiwa hakuacha, na wengine kila mtu na fungu lake. Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, hulirudia sharti hili la wasia na deni tena na tena. Kwa hiyo anayewaficha watu wake deni hajalifuta. Amewaachia kazi ya kulitafuta.

Deni la dukani au la rafiki huja lenyewe, maana mwenye kudai hasahau. Yanayosumbua ni madeni ya ndani ya nyumba. Mahari yasiyolipwa ni deni la mume kwa mkewe, na mjane ana haki ya kuyadai kabla ya mgao wowote. Wangapi huthubutu? Ataambiwa ana tamaa, na udongo wa kaburi haujakauka.

Kisha kuna dhahabu. Mama auza bangili zake ili baba amalizie ghorofa. Hakuna aliyesema kama ule ni mkopo, ni zawadi, au ni sehemu yake katika nyumba. Miaka 20 baadaye hati ina jina la baba peke yake, na watoto wa mke mwingine wanataka fungu lao, tena ni haki yao. Bangili za mama zihesabiwe wapi? Neno moja mbele ya mashahidi wawili siku ile lingetosha. Nionavyo mimi, ndugu wengi huanzia hapa kutosemezana.

Kuna na fedha ambazo familia haijui kama zipo. Akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka 5 huhesabiwa kuwa imeachwa, na fedha zake hupelekwa kwa UFAA, mamlaka ya serikali iliyowekwa na sheria ya mwaka 2011 kushika fedha zisizodaiwa. Warithi wanaweza kuzidai, ila sharti wajue kwanza kuwa kulikuwa na akaunti. Vilevile mikopo mingi ya benki na SACCO huwa na bima inayolipa deni mkopaji akifa. Asiyejua hilo huenda akauza gari kulipa deni ambalo bima ingelilipa. (Sisemi umpe mtu namba yako ya siri ya M-Pesa. Wajue tu una nini na kiko wapi.)

Ugumu ni namna ya kuanza. Kumuuliza mzee ana kiasi gani ni kama kumhesabia siku. Anza na lako: "Baba, mimi SACCO yanidai laki moja na ishirini, na mke wangu anajua. Nawe kuna mtu ungependa tumpunguzie?" Kuulizia deni kuna adabu zaidi kuliko kuulizia mali. Akikasirika, nyamaza, umpitishie shangazi. Dada mtu husikizwa.

Nyumbani kwangu tuna daftari, lakaa kabatini pamoja na vyeti. Kila Shaaban ikiingia mimi na mke wangu hulifungua: nani atudai, nani twamdai, akaunti ziko benki gani, dhahabu ipi ni yake, na mahari yamebaki kiasi gani. Mtoto wetu mkubwa anajua lilipo. Mwaka huu aliuliza mbona ami yake ameandikwa mara mbili, tukamkalisha tukamweleza.