Santuri adimu: ya kweli na ya kusikia tu

"Santuri ikishakuwa ya zamani, ni pesa."

Si kweli. Pekua boksi la santuri zilizotoka sebuleni kwa wazee, Nairobi au Dar es Salaam, na santuri za mwimbaji Jim Reeves hutazikosa. Zilinunuliwa karibu kila nyumba, kwa hiyo nakala zake zimejaa tele na bei yake ni ya chini. Kinachohesabiwa ni nakala ngapi zimebaki na watu wangapi wanazitaka. Sahani ndogo ya mizunguko 45 ya bendi iliyovuma miaka ya 1970 huenda iliuzwa kwa wingi, lakini ilipigwa usiku kucha kwa sindano butu, ikahifadhiwa kwenye mfuko wa karatasi, na vumbi likaisaga. Kuipata ikiwa safi ni bahati.

"Santuri zote husafishwa kwa spiriti."

Uongo, tena wa hasara. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile ambazo mwimbaji Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zina shelaki. Hiyo ni gundi inayotokana na wadudu wa miti huko India, ikichanganywa na unga wa mawe. Spiriti huiyeyusha: ukiipangusa santuri kwa pamba iliyolowa, weusi unahamia kwenye pamba, na sauti nayo imekwenda. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, kausha mara moja, na lebo isiguswe na maji. Sindano pia si moja. Ile ya 78 ni nene karibu mara tatu kuliko ya LP, yaani sahani kubwa ya vinaili. Ukiweka ya LP itazama chini ya mfereji na kukuletea mkwaruzo mtupu.

Wala usidhani kila 78 ni ya enzi ya Siti: LP za vinaili zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, lakini 78 hazikuzikwa siku hiyo. India iliendelea kuzifyatua hadi miaka ya 1960, ndiyo maana kuna nyimbo za Beatles kwenye 78 za huko, na wakusanyaji wanazigombania.

"Lebo inakuambia unachonunua."

Mara nyingi, lakini usiiamini peke yake. Mwaka 1963 kampuni ya Columbia iliondoa nyimbo nne kwenye albamu ya Bob Dylan, The Freewheelin' Bob Dylan, ikaweka nyingine nne. Sahani kadhaa zilikuwa zimeshafyatuliwa kwa mpangilio wa awali, na baadhi zikatoka na lebo zinazotaja nyimbo mpya huku zikipiga zile zilizoondolewa. Kwa jalada na lebo, huwezi kuzitofautisha na nakala za kawaida. Sasa hivi sahani za mpangilio huo wa awali ni kati ya santuri zinazosakwa zaidi duniani, hasa za stereo, ambazo nakala zinazojulikana ni chache mno.

Ushahidi uko kwenye ule ukanda laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Iinamishe sahani chini ya taa na utaona nambari zilizochorwa au kupigwa muhuri pale. Zinatambulisha bamba lililotumika kuifyatua. Lebo mtu anaweza kuibandika kimakosa. Nambari hizo zilitoka na mifereji yenyewe. Nisingelipa pesa nzito kwa sahani ambayo muuzaji hataki niigeuze kwenye mwanga.

"Sahani nzito ya gramu 180 ina sauti bora."

Uongo. Uzito husaidia isipinde upesi. Sauti inatoka kwenye kanda mama, yaani ile ya kwanza iliyorekodiwa studio, kwa fundi aliyechonga mifereji na kiwanda kilichoifyatua sahani.

"Iliyofyatuliwa Nairobi ni duni kuliko ya Ulaya."

Hapa ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Ni kweli nakala nyingi za Nairobi zina kelele chini ya muziki. Lakini bendi za Tanzania za miaka hiyo, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ikiwemo, zilitegemea Nairobi kupata santuri, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa ngumu. Radio Tanzania ilirekodi bendi nyingi, ila kanda zake zilikuwa za kurushwa hewani, si za kuuzwa. Basi kwa nyimbo kadhaa za wakati huo, hiyo 45 ya Nairobi, wimbo umekatwa vipande viwili, kimoja kila upande, ndiyo toleo pekee lililowahi kuingia dukani. Hakuna ya Ulaya ya kuilinganisha nayo.

"Ikishakwaruzwa, itupe."

Usiitupe. Kanda mama ikiwa imepotea, wanaotoa upya muziki wa zamani hufanya kazi kutoka kwenye sahani zenyewe. Huchukua nakala mbili au tatu za wimbo mmoja, zote zikiwa na makovu, na pale moja inaporuka wanaziba kwa nyingine.