Kufuata Nyayo Katika Mtandao: Alama ya Kivinjari na Haki ya Kusitirika

 

Miongoni mwa makabila ya Waarabu, Banu Mudlij walisifika kwa elimu ya qiyafa, nayo ni elimu ya kusoma nyayo na kufananisha viungo vya watu. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, Bi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) aliingia kwake uso umekunjuka kwa furaha. Mujazziz al-Mudliji alikuwa amewaona Zayd bin Haritha na mwanawe Usama wamelala, vichwa vimefunikwa kwa shuka na miguu tu iko nje, naye akasema kuwa miguu ile ni ya watu wa nasaba moja. Kabla ya hapo watu walikuwa wakisemasema juu ya nasaba ya Usama, kwa kuwa rangi yake haikufanana na ya baba yake. Mujazziz hakuona uso wala hakuambiwa jina. Miguu ilimtosha.

Mtu wa kabila hilo hilo, Suraqa bin Malik, ndiye aliyemfuatilia Mtume (s.a.w.) njiani katika Hijra. Na imo katika Sira kwamba Abdullah bin Abubakar alipotoka pango la Thawr kurejea Makka, Amir bin Fuhayra alikuwa akipitisha kondoo nyuma yake ili zifutike nyayo zake. Jambo hili la kondoo tutalirudia, kwani mna faida ndani yake kwa mas'ala yetu.

QIYAFA YA ZAMA HIZI

Wengi wetu tumezoea kusikia juu ya vidakuzi, vile vijifaili ambavyo tovuti huviweka katika kompyuta au simu ya mgeni wake ili imtambue akirudi. Kidakuzi ni mfano wa uzi mwekundu aliofungwa mbuzi shingoni. Mwenye mbuzi akiuona, huukata. Ndiyo maana vijana wetu hufuta vidakuzi, au hufungua lile dirisha la faragha, kisha wakadhani wamekuwa watu wapya mbele ya mtandao. Lakini iko njia ya pili ambayo haimfungi mgeni kitu chochote, bali humtazama tu anavyotembea. Wataalamu huiita alama ya kidole ya kivinjari, na kivinjari ni ile programu tunayofungulia tovuti, kama vile Chrome, Firefox au Safari. Kwa sisi tuliolelewa na vitabu vya zamani, jina la unyayo lingefaa zaidi.

Kivinjari kinapofungua tovuti, hujieleza. Husema ni cha aina gani na toleo gani, kinatumia mfumo upi, na kimewekwa lugha ipi. Tovuti ikikihoji zaidi kwa programu ndogo iliyomo ndani ya ukurasa, kinaweza kujibu ukubwa wa kioo, majira ya saa ya nchi, aina za herufi zilizomo katika mashine, na hata chipu inayochora picha. Mengi ya hayo yana sababu njema. Ukurasa unatakiwa ukae vizuri katika kioo kidogo cha simu, na saa ya mkutano ionekane kwa majira ya msomaji.

Madhara yanatokana na kujumlisha. Chukua msikiti wa Ijumaa wenye watu 1,000. Ukisema umtafutaye amevaa kanzu nyeupe, hujamtaja mtu. Ukiongeza kwamba kofia yake ni ya kijani, watabaki wachache. Ukisema tena ana miwani, na anatembelea fimbo, huenda akabaki mmoja tu, na hukulitaja jina lake. Mwaka 2010 mtafiti Peter Eckersley wa taasisi ya Electronic Frontier Foundation ya Marekani alichunguza vivinjari 470,161 vilivyotembelea tovuti aliyoiweka kwa kazi hiyo, akakuta asilimia 83.6 vina unyayo usiofanana na wa kingine chochote katika kundi hilo. Ni kweli kwamba waliokwenda pale walikuwa watu wenye hima na mambo haya, na mashine zao hazikuwa za kawaida. Utafiti wa Ufaransa uliotolewa mwaka 2018, uliokusanya alama zaidi ya milioni 2 kutoka tovuti ya kawaida, ulipata asilimia 33.6 tu, na kwa upande wa simu asilimia 18.5. Hata hivyo, theluthi moja ya watu si kitu kidogo, na asiyekuwa peke yake huenda akawa katika kundi la watu wachache mno.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wenye lugha zetu. Mswahili anayeishi London au Muscat na kivinjari chake amekiweka kwa Kiswahili, amevaa kofia ya kijani katika ule msikiti wetu. Vivyo hivyo mwanafunzi aliyejaza kompyuta yake herufi za Kiarabu za naskhi na ruqaa ili aandike vizuri: kila herufi adimu aliyoiongeza ni mkunjo mmoja zaidi katika unyayo wake. Sisemi aziache. Nasema ajue.

Iliyo ya hila kuliko zote ni ile ya kuchoresha. Tovuti hukiamrisha kivinjari kichore maneno na rangi mahali pasipoonekana na msomaji, kisha hukisoma kilichochorwa. Mashine mbili zenye chipu na programu tofauti hutofautiana kidogo mno katika kingo za herufi, tofauti ambayo jicho halitaiona, na tofauti hiyo hugeuzwa kuwa namba. Njia hii ilielezwa na Mowery na Shacham mwaka 2012. Kufikia 2014 watafiti wa vyuo vya Princeton na Leuven walikwisha kuikuta katika zaidi ya tovuti 5,000 kati ya 100,000 zinazotembelewa zaidi, nyingi mno kati yake kupitia kampuni moja, AddThis, iliyokuwa ikitoa vile vitufe vya kusambaza makala. Mwenye tovuti aliweka kitufe. Msomaji akachukuliwa unyayo. Huduma ile ilifungwa mwaka 2023, ila ufundi wenyewe haukufa nayo.

HUKUMU YAKE

Wapo wanaokimbilia kuharamisha kila kitu cha mitambo, na mimi si pamoja nao. Qiyafa yenyewe si haramu. Mtume (s.a.w.) aliifurahia kauli ya Mujazziz, na kwa hadithi hiyo maimamu Malik, Shafi na Ahmad waliitegemea katika mas'ala ya nasaba, ingawa Mahanafi hawakuikubali kuwa dalili. Benki inayoutambua unyayo wa mashine ya mteja wake, ikashtuka mtu mwingine anapoifungua akaunti ile kutoka mashine ngeni, inahifadhi mali ya watu, na kuhifadhi mali ni katika makusudio ya sharia. Mambo hupimwa kwa makusudio yake.

Ama kumfuata mtu kutoka ukurasa hadi ukurasa bila ya yeye kujua, ili ijulikane anasoma nini, anaogopa nini na anaumwa nini, kisha habari hizo ziuzwe, hilo kwa maoni yangu linaingia katika tajassus iliyokatazwa katika Surat al-Hujurat, aya ya 12. Wafanyao hivyo wana hoja mbili. Husema: hatukuweka kitu katika mashine yake. Na husema: hatulijui jina lake.

Hoja ya kwanza inajibiwa na hadithi ya Sahl bin Saad (r.a.), iliyomo pia katika Sahihi mbili. Mtu mmoja alichungulia kupitia tundu katika chumba cha Mtume (s.a.w.), naye alikuwa akijikuna kichwa kwa kitana cha chuma. Mtu yule hakuvunja mlango, hakugusa wala hakuchukua kitu. Pamoja na hayo Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali, akabainisha kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Basi kosa lilikwisha kutimia kwa kutazama. Na hoja ya pili ni dhaifu zaidi, kwani jina huja lenyewe: siku utakayoingia kwa akaunti yako katika kivinjari kile kile, unyayo umepata mwenyewe, na inawezekana yote yaliyohifadhiwa chini yake yakaandikwa kwako.

Wenye biashara hiyo nao wanalijua hili. Google yenyewe mwaka 2019 ilisema hadharani kwamba kumtambua mtu kwa njia hii kunamnyima hiari na si sawa. Desemba 2024 ikatangaza kulegeza masharti yake ya matangazo kuanzia tarehe 16 Februari 2025, na Ofisi ya Kamishna wa Taarifa ya Uingereza ikaushutumu uamuzi huo. Katika nchi zetu, sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa imekitaja kitambulisho cha mtandaoni kuwa ni kitu kinachoweza kumtambulisha mtu.

Utasikia ikisemwa kuwa asiye na la kuficha haogopi. Hii ni kauli ya asiyewahi kukaa katika kiti cha kuulizwa. Mwanamke anayesoma masharti ya khului kabla hajamwambia hata mama yake. Kijana aliyepimwa akaambiwa ana maradhi. Mtu aliyesilimu na jamaa zake hawajui. Hawa hawakufanya dhambi, na sitara ni haki yao. Novemba 2020 gazeti la mtandaoni la Motherboard lilifichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla, zilikuwa zikifika kwa kampuni ya X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kukata uhusiano nayo. Njia iliyotumika pale ilikuwa nyingine, si ya unyayo wa kivinjari, lakini soko la habari za watu ni lile lile.

KUJIKINGA

Sasa turudi kwa kondoo wa Amir. Hakumbeba Abdullah asikanyage chini. Aliuchanganya unyayo wake na nyayo nyingi hata usitambulikane, na kinga ya kivinjari ndivyo ilivyo: ufanane na wengi. Anayepachika viongezo kumi vya ulinzi katika kivinjari chake hujikuta amekuwa wa pekee kwa wingi wa silaha zake. Tor Browser imejengwa juu ya msingi huu, kwani huwafanya watumiaji wake wote waonekane karibu sawa, na ndiyo maana haipendezi kuongeza kitu ndani yake. Ni nzito, na baadhi ya tovuti huikataa. Si ya kila siku, lakini kwa swali la siri inafaa. Brave hufuata njia nyingine: huyapotosha kidogo majibu yake ili unyayo usitulie. Firefox tangu Januari 2020 huzizuia kampuni zinazojulikana kwa kazi hii bila ya kuombwa, na Safari huzificha herufi ulizoziongeza mwenyewe. VPN hubadilisha anwani unayotokea, unyayo haiugusi.

Kwa mtu wa kawaida namshauri awe na vivinjari viwili, kimoja cha benki na barua pepe, ambako anajulikana kwa jina, na kingine cha kusomea, asichoingilia akaunti yoyote kabisa.

Limebaki la kwetu sisi maimamu na wasimamizi wa madrasa. Tovuti nyingi za misikiti hupokea maswali ya waumini, na katika ukurasa huo huo mna kihesabu wageni cha bure, video ya kampuni fulani na vitufe vya kampuni nyingine. Kila kimoja ni tundu ukutani, na sisi ndio tuliolitoboa. Mwenye kuuliza fatwa amekuja kwa imamu kwa amana, naye hajui kuwa kuna wengine nyuma ya pazia. Mwite fundi aliyeitengeneza tovuti, akuonyeshe orodha ya kila anwani ya nje ambayo ukurasa wa maswali unaiita unapofunguka. Ambayo hawezi kukueleza ina kazi gani, aiondoe, na aanze na ukurasa huo wa maswali kabla ya kurasa nyingine zote.